Mbwa Katika Safari ya Kuhama: Kutoka Arua Hadi Koboko

Mwalimu apatapo barua ya uhamisho, jambo la kwanza linalozungumzwa nyumbani kwake ni gari. Nani atakodisha pikapu yake, kwa bei gani, na je, ana tela la kukokota nyuma ili mizigo yote iende kwa safari moja? Mama wa nyumba huanza kufunga vyombo siku 3 kabla. Kitanda hufunguliwa vipande vipande, mihogo mikavu hutiwa maguniani, kuku hutafutiwa tenga, na watoto hupangiwa nani atakaa mbele na nani nyuma. Mbwa hazungumzwi. Yeye hukumbukwa asubuhi ya safari, injini ikiwa imekwisha kuwashwa, pale mtoto mdogo anapouliza kwa sauti ya kulia, “Na huyu je?”

Hapo ndipo makosa yote hufanyika, na hufanyika kwa dakika 5. Mmoja atasema atiwe guniani. Mwingine atasema afungwe kamba ya katani shingoni na kuwekwa juu ya magodoro. Wa tatu, ambaye hudhani amepata ufumbuzi ulio bora, atasema atiwe ndani ya tela pamoja na meza na viti, kwani humo kuna nafasi na hatamchafua mtu. Njia hizi 3 zote huua mbwa, na mara nyingine huumiza watu.

Kutoka mji wa Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita 55 hivi kuelekea kaskazini, kupitia Maracha. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, na magari yalikwenda polepole kwa lazima. Sasa njia nzima kutoka Vurra, mpakani mwa Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, imetiwa lami. Wengi hudhani kwamba lami imeondoa hatari kwa mbwa aliyepakiwa. Ukweli ni kwamba imebadilisha hatari tu. Mbwa aliyekuwa akitishwa na mashimo sasa hutishwa na mwendo wa kasi, na gari linalokwenda kasi husimama ghafla mbuzi akatizapo barabara.

Hesabu yake si ngumu. Mbwa wa kawaida wa vijijini ana uzito wa kilo 15 hadi 20. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kisha likagonga kitu na kusimama katika nafasi ya nusu mita, kila kitu kilicholegea ndani yake huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Mbwa wa kilo 20, ili azuiwe katika nafasi hiyo ndogo, huhitaji nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu kilo 400. Hakuna mtoto awezaye kumpakata mbwa katika hali hiyo, wala mtu mzima. Anayesema kwamba mbwa wake ni mtulivu na hukaa vizuri miguuni pa dereva hajafikiri juu ya breki. Naye mbwa mtulivu akijiingiza chini ya kanyagio la breki, gari zima li hatarini.

Tuchukue basi zile njia 3, moja baada ya moja.

Gunia kwanza. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Yeye hujipoza kwa kuhema, ulimi ukiwa nje, hewa ikipita kwa wingi kinywani na kuondoa joto. Joto la mwili wake wa kawaida ni kati ya digrii 38 na 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Ndani ya gunia hewa hugeuka kuwa ya joto na ya unyevu kwa sababu ya pumzi yake mwenyewe, na kadiri anavyohema ndivyo joto linavyozidi badala ya kupungua. Mwenye bodaboda anayembeba mbwa guniani mbele ya miguu yake, juu ya injini inayochemka, humtesa mara mbili. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kumfunga mbwa kinywa kwa kamba au kitambaa ili asiume njiani, kwani mbwa aliyefungwa kinywa hawezi kuhema. Ikiwa ni mkali, na avalishwe kizuio cha kinywa kilichofumwa kama kikapu, ambacho humwachia nafasi ya kupanua taya na kunywa maji. Fundi wa ngozi anayeshona viatu sokoni aweza kukitengeneza akipewa kipimo.

Pili ni kamba ya shingoni juu ya mizigo. Yeyote aliyepata kuona ajali ya namna hii haisahau. Gari hupinda kona, mbwa hupoteza miguu au huruka kwa kuogopa lori linalopishana nao, na kamba, ikiwa ni ndefu, humwacha aning'inie ubavuni mwa gari au aburutwe na lami bila dereva kujua. Ikiwa ni fupi, humkaba papo hapo. Kama hapana namna nyingine ila kumfunga, basi afungwe kwa ukanda wa kifuani, unaozunguka mabega na mbavu, wala si kwa shingo. Na ukanda huo ufungwe sakafuni mwa gari kwa kamba fupi isiyoweza kumfikisha ukingoni. Hata hivyo kufunga huko ni kwa shida tu. Sanduku ndilo jawabu, nalo litaelezwa.

Tatu ni tela. Hapa yafaa kukaa kidogo, kwa kuwa hata watu wenye busara hukosea. Huko Ulaya na Afrika ya Kusini wako watu wengi wasafirio likizoni na karavani, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari, ndani yake mkiwa na vitanda na jiko. Nyumba hiyo ina madirisha, ina zulia, na mtu angedhani kwamba mbwa hawezi kupata mahali pazuri zaidi pa kusafiria. Lakini wazoefu wa mambo hayo hushauri vingine: gari linapokwenda, mbwa akae ndani ya gari linalokokota pamoja na watu, wala asiachwe karavanini. Huko Uingereza hata binadamu hawaruhusiwi kupanda humo gari likiwa mwendoni. Ikiwa nyumba yenye zulia haifai, tela la chuma linalobeba viti na masufuria litafaa vipi?

Sababu zake ni nyingi. Kwanza, dereva hamwoni mbwa wala hamsikii. Mbwa aweza kukabwa, kuangukiwa na kabati, au kutapika na kupaliwa, na habari ifike Koboko tu. Pili, tela huruka kuliko gari. Matela mengi yanayoundwa na mafundi wa mitaani hayana springi zenye ulaini, kwa hiyo kila tuta la kupunguza mwendo huwa ni kipigo. Tatu, moshi wa gari hutoka nyuma, na kilicho nyuma ni tela. Moshi huo una gesi isiyo na harufu ambayo huua mnyama kama imuuavyo mtu. Nne, tela huyumba. Likipakiwa mizigo mizito nyuma ya ekseli, mkia wake huanza kucheza kushoto na kulia, na dereva akiongeza mwendo, mchezo huo huongezeka hadi tela hulivuta gari lenyewe nje ya barabara. Mafundi hushauri zaidi ya nusu ya uzito uwe mbele ya ekseli, na kiasi cha sehemu 1 katika 10 ya uzito wote ulalie kwenye ndoana. Kuwepo kwa mnyama anayetembea huku na huko ndani ya tela jepesi huharibu mizani hiyo. Tano, na hili halipendezi kulitaja, ndoana hukatika. Tela lisilo na mnyororo wa akiba lililofunguka katika mteremko halina dereva.

Basi mbwa aende garini, na vitu vyake viende telani: bakuli lake, tandiko la akiba, gunia la chakula chake. Jerikeni la maji lisiwekwe telani, kwani litahitajiwa njiani.

Sasa sanduku. Fundi seremala yeyote mjini Arua aweza kulitengeneza kwa siku moja kwa mbao za mikaratusi au mabaki ya mbao za sanduku la mizigo. Siri yake ni kipimo. Lisipokuwa na nafasi, mbwa huteseka. Likiwa kubwa mno, hutupwatupwa ndani yake kama punje ya mahindi katika kibuyu. Kanuni inayotumiwa na mashirika ya ndege duniani yafaa hata kwa pikapu. Mpime mbwa akiwa amesimama. Chukua urefu kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia. Ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka kiwiko hadi chini. Huo ndio urefu wa ndani wa sanduku. Upana uwe mara 2 ya upana wa mabega. Kimo kipite kidogo ncha za masikio yake asimamapo, ili tandiko lipate nafasi. Kwa mfano, mbwa mwenye sentimita 60 kutoka pua hadi shina la mkia, mwenye mguu wa sentimita 30 kutoka kiwiko, mabega ya sentimita 18 na masikio yanayofika sentimita 55, atahitaji sanduku la sentimita 75 kwa urefu, 36 kwa upana na kama 60 kwa kimo. Humo ataweza kusimama, kugeuka na kulala.

Pande 3 ziwe na matundu au fito zilizoachana kwa nafasi isiyopitisha kichwa wala mguu. Misumari ipigwe ncha zikitazama nje kisha zikunjwe. Mlango uwe na komeo la chuma, si kamba, kwani mbwa mwenye hofu hutafuna kamba ya katani kwa muda mfupi kuliko inavyodhaniwa. Sakafuni kuwekwe gunia lililokunjwa au majani makavu, si gazeti tupu, ambalo huteleza na kuloana. Kisha sanduku lifungwe nyuma ya kibini ya dereva, kwa kamba 2 zinazopita pande zote na kufungwa kwenye pete za pikapu. Lielekezwe namna ambayo upepo haumpigi mbwa machoni. Vumbi na kokoto ndogo huumiza macho. Juu yake lifunikwe turubai la kivuli, lakini pande ziachwe wazi. Wako wanaofunika pande zote kwa turubai jeusi wakidhani wanamhifadhi mbwa na jua, na hivyo humpika.

Katika gari dogo la abiria, sanduku likae nyuma ya kiti cha mbele, likibanwa na kiti hicho. Buti lililofungwa si mahali pa kiumbe chochote chenye pumzi.

Mbwa mwenyewe hana budi kulijua sanduku kabla ya siku ya safari. Mama wa nyumba na aliweke barazani wiki moja kabla, mlango ukiwa wazi, na amlishe mbwa humo jioni. Watoto wataifanya kazi hii vizuri kuliko wakubwa, kwa sababu wao wana subira katika mambo ya mchezo. Siku ya 3 au ya 4 mbwa ataingia mwenyewe. Siku ya 5 mlango ufungwe kwa dakika chache, kisha kwa nusu saa. Mbwa aliyezoezwa hivyo hulala njia nzima, na aliyesukumwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari hubweka mpaka Maracha na huenda akamwuma anayemfungulia.

Chakula apewe kidogo, na mapema, saa 4 au zaidi kabla ya kuondoka. Watoto wa mbwa hasa hutapika kwa mwendo wa gari. Maji asinyimwe. Kuna watu wanaomnywesha mbwa waragi ili alale, na wengine humpa vidonge vya usingizi au vya maumivu vya binadamu. Vyote viwili ni sumu kwake, na mbwa aliyelewa hawezi kuirekebisha joto la mwili wake. Dawa, kama inahitajiwa, itolewe na daktari wa mifugo.

Kati ya Desemba na Machi, kiangazi cha West Nile kinapokausha kila kitu, safari ianze alfajiri. Ikumbukwe kwamba hatari kubwa haiko gari likiwa mwendoni bali lisimamapo. Katika gari lililofungwa na kuachwa juani, joto laweza kupanda kwa digrii 20 na zaidi juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua vioo kidogo hakusaidii sana. Mwenye gari anayesimama sokoni “kwa dakika 10 tu” kununua nyama, akakutana na rafiki na kuagiza chai, atarudi na kumkuta mbwa akitoka povu. Dalili ni kuhema kwa nguvu, ufizi mwekundu sana, mate mazito, kuyumba, kisha kuanguka. Mbwa huyo apelekwe kivulini mara moja, amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, apepewe, na aachwe anywe kidogo kidogo kama ana fahamu. Asifunikwe nguo mbichi na kuachwa nayo, kwani nguo ikipata joto huzuia mwili kupoa. Kisha atafutwe daktari wa mifugo, hata kama mbwa ataonekana amepona.

Safari ya Arua hadi Koboko ni fupi, na kituo kimoja chatosha. Lakini familia inayotoka Kampala, mwendo wa karibu kilomita 500, isimame kila saa 2. Mbwa asifunguliwe mlango kabla ya kufungwa ukanda. Asiteremshwe katika kipande cha njia kati ya Karuma na Pakwach, panapopakana na hifadhi ya Maporomoko ya Murchison. Nyani wa Karuma hawaogopi mbwa, na zaidi ya hayo magonjwa ya mbwa huwahamia wanyama wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliwaua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Ugonjwa huo huo una historia yake katika sehemu za jirani. Kaskazini-magharibi ya Koboko, ng'ambo ya mpaka, iko nchi ya Wazande, ambao mbwa wao wadogo wa rangi ya kahawia, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, wasiobweka kama mbwa wengine, walivutia sana macho ya wageni. Wazungu waliwaita Basenji, jina linalofanana mno na neno “washenzi”, na mbwa hao hawakustahili jina hilo, kwani ni wasafi kuliko wengi. Mwaka 1895 wachache walionyeshwa London, wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwasafirisha mbwa 6 waliotoka pande za Maridi, kutoka Khartoum hadi Uingereza. Walivuka jangwa na bahari wakiwa hai, wakamaliza karantini, kisha wakafa wote kwa sababu ya chanjo ya distempa ambayo wakati huo ilikuwa bado ya majaribio. Ni mpaka mwaka 1937 ndipo mbwa wa aina hiyo, waliopelekwa na Olivia Burn kutoka Kongo, walipopata kuonekana katika maonyesho ya Crufts na ukoo wao ukadumu. Leo chanjo ya distempa ni salama, na mwenye mbwa atakayekutana na mbwa wageni asikose kuiulizia.

Hata hivyo kwa West Nile ugonjwa unaotangulia yote ni kichaa cha mbwa. Hapa ndipo safari ya mbwa mmoja inapokuwa jambo la mji mzima. Mbwa aliyeambukizwa aweza kuonekana mzima kwa wiki kadhaa, mara nyingine kwa miezi, kabla ya dalili kutokea. Akipakiwa Arua akiwa mzima wa kuonekana, aweza kuupeleka ugonjwa Koboko mahali ambapo haukuwapo. Binadamu akisha kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Na karibu wote wanaokufa duniani kwa ugonjwa huu waliupata kwa kuumwa na mbwa. Watoto ni sehemu kubwa yao.

Kwa hiyo chanjo haipaswi kutolewa asubuhi ya safari. Itolewe mwezi mmoja kabla, ili mwili wa mbwa upate muda wa kujenga kinga. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Kadi ya chanjo iwekwe pamoja na vyeti vya watoto, si chini ya gunia la mihogo. Mwenye kuhama na apite kwanza katika ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya anakotoka ili aelezwe karatasi anazohitaji, na afikapo ajijulishe kwa ofisi ya wilaya anakohamia. Koboko ina wilaya yake tangu mwaka 2005. Anayekusudia kuvuka Oraba kwenda Sudan Kusini, au Vurra kwenda Kongo, ajue kwamba mbwa naye huvuka mpaka. Nchi nyingi hutaka cheti cha afya na chanjo iliyotolewa si chini ya siku 30 zilizopita.

Hili lina uzito wa pekee katika nchi hii ya mipaka. Watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire baada ya vita vya mwaka 1979, wakarudi miaka iliyofuata. Na tangu mwaka 2016 kambi ya Bidibidi, katika wilaya jirani ya Yumbe, imewapokea watu wengi kutoka Sudan Kusini. Watu wakihama kwa haraka, mbwa huachwa. Mbwa aliyeachwa hazurudii chanjo yake, huungana na wenzake majalalani, na mtoto wa kwanza atakayemkaribia kwa huruma ndiye atakayeumwa. Mwalimu anayeona taabu kumchukua mbwa wake, na kumwacha “ajitafutie” katika nyumba ya zamani, huwaachia majirani taabu hiyo. Kama hawezi kumchukua, na amkabidhi kwa mtu anayejulikana, pamoja na kadi yake.

Mtu akiumwa njiani, hata na mbwa wake mwenyewe, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Hizo ni dakika nyingi kuliko watu wanavyodhani, itumike saa. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo ili apate sindano za kinga. Jiwe jeusi halivuti kichaa cha mbwa, wala pilipili haikiui. Naye mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, kwa maana akibaki mzima kwa muda huo, imejulikana kwamba mate yake hayakuwa na ugonjwa siku alipouma.

Kuna pia mbung'o. Mabonde ya mito ya Arua, Maracha na Koboko ni makao yao, na mbwa hupata nagana kwa kuumwa nao: hukonda, hupata homa, na mara nyingi macho yake huingia ukungu wa rangi ya samawi. Anayesimama mtoni ili mbwa anywe maji apachague mahali pa wazi, mbali na vichaka. Akiona pembezoni mwa mto vitambaa vidogo vya buluu vilivyounganishwa na wavu mweusi, asiviguse wala kuvichukua kufungia mizigo. Hivyo ni mitego ya mbung'o yenye dawa, iliyoanza kujaribiwa katika sehemu hizi mwaka 2011 kupambana na malale.

Limebaki jambo la adabu, nalo katika Koboko si dogo. Huko wako Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Mwenye gari aweza kuwa mtu mwema sana na bado asipende mbwa apande penye kiti anachokalia kwenda msikitini. Aulizwe mapema, si asubuhi ya safari mbele ya majirani. “Mzee, tuna mbwa wa ulinzi, yumo sandukuni na chini tumetandika turubai, je, unaridhia?” Maneno hayo, yakitamkwa siku 2 kabla, humaliza ugomvi ambao ungemwacha mbwa barabarani. Katika taksi za abiria, ambamo watu hubanana, mbwa asiingizwe bila ridhaa ya dereva na ya abiria watakaokaa karibu naye, na ada yake ilipwe kama ya mzigo bila mabishano.

Wafikapo, sanduku literemshwe kabla ya mizigo na kuwekwa kivulini ndani ya ua. Mbwa apewe maji, atembezwe akiwa na ukanda kuuzunguka ua wote, kisha arudishwe sandukuni kwake, ambamo sasa kuna harufu anayoijua. Kwa siku 10 za kwanza asiachwe huru. Mbwa hakai kwa barua ya uhamisho, na wengi wamekutwa wakirudi kwenye nyumba ya zamani kwa kufuata barabara ile ile ya lami yenye malori. Alishwe mahali pamoja, saa zile zile, na mtu yule yule aliyekuwa akimlisha Arua. Kuku wa jirani wafahamishwe kwake kupitia fito za sanduku kwanza. Ikiwa siku ya 11 atafunguliwa na kwenda moja kwa moja kulala mlangoni pa nyumba mpya, sanduku laweza kuondolewa tandiko, kuoshwa, na kugeuzwa kiota cha kuku mpaka barua nyingine ije.